Kamera ya mono kwa picha za sayari: pima darubini kabla ya kufungua pochi

Mshtarii, yaani Jupita, inapokuwa karibu nasi huonekana angani ikiwa na upana wa sekunde 45 hivi za tao, na sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Ukiitazama kwa darubini ya kipenyo cha milimita 200, ile ambayo wapenzi wengi wa anga huishia kuwa nayo, sayari hiyo kubwa kuliko zote huangukia kwenye pikseli 150 hadi 250 tu za kamera, kutoka ukingo hadi ukingo. Pikseli nyingine zote hupiga giza. Kwa hiyo anayechagua kamera ya sayari kwa kuhesabu megapikseli, kama anavyochagua simu, hulipia giza.

Kinachopaswa kuchaguliwa ni vitu viwili: ukubwa wa pikseli unaolingana na darubini uliyonayo, na aina ya mwanga unaotaka kuunasa. Ukishajibu hayo mawili, orodha ndefu ya kamera dukani hubaki na mbili au tatu tu.

Kamera ya mono haioni rangi. Kihisi chake hupima wingi wa mwanga peke yake. Kamera ya rangi mara nyingi ina kihisi cha aina ileile, ila juu ya kila pikseli kumebandikwa kichujio kidogo sana: nusu ya pikseli huona kijani, robo nyekundu na robo bluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, hataza yake ikatolewa mwaka 1976, na bado ndio uliomo kwenye kamera nyingi za kawaida hadi leo. Rangi zinazokosekana kwenye kila pikseli hukadiriwa kwa kutazama pikseli za jirani. Kwa mono hakuna kukadiria. Unaweka kichujio chekundu mbele ya kihisi kizima, unapiga; unaweka cha kijani, unapiga; unaweka cha bluu, unapiga; kisha unaziunganisha zote tatu. Kila pikseli imefanya kazi kwa kila rangi.

Utamu huo una gharama, na ni heri uijue mapema. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa kila saa 9 na dakika 55 hivi. Katikati ya uso wake, mawingu husogea karibu robo ya sekunde ya tao kila dakika. Darubini ya milimita 200 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa nusu sekunde ya tao na ziada kidogo, maana yake baada ya dakika mbili na nusu hivi mzunguko wa sayari huanza kuonekana kwenye picha yako kama ukungu. Mwenye kamera ya rangi hupata nyekundu, kijani na bluu kwa mpigo mmoja ndani ya muda huo. Mwenye mono lazima apige tatu mfululizo, abadilishe vichujio katikati, na baadaye atumie programu ya WinJUPOS kurudisha kila picha kwenye saa moja ili mawingu yakae mahali pake. Ni kazi, na inataka mtu aliyeshazoea kulenga sayari, kuiweka kwenye fokasi na kuitunza katikati ya kioo bila kuhangaika.

Kwa hiyo shauri langu la wazi ni hili. Kama darubini yako ina kipenyo cha chini ya milimita 150, au stendi yake haifuati nyota kwa mota, nunua kamera ya rangi, ujifunze nayo msimu mzima wa Mshtarii na wa Zohali. Utapata picha za kupendeza. Mono ni ya yule ambaye stendi yake imetulia, anayejua programu zake, na ambaye ameanza kutaka kitu ambacho kamera ya rangi inampa kwa shida.

Vitu hivyo vipo, tena si vichache. Jua katika mwanga wa haidrojeni-alfa, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, ni mwekundu mtupu. Kwenye kamera ya rangi ni robo tu ya pikseli zinazouona vizuri, kwenye mono ni zote. Mwezi ukipigwa kwa kichujio chekundu au cha infraredi hutulia ajabu, kwa sababu mawimbi marefu hayayumbishwi sana na msukosuko wa hewa. Mawingu ya Zuhura, ambayo kwa macho ni weupe mtupu, hutoa michirizi yake kwenye mwanga wa urujuanimno, karibu na nanomita 350, na huko vichujio vya kamera ya rangi hukuangusha. Kuhusu kile kichujio maarufu cha methani cha nanomita 889, kinachoonyesha mawingu ya juu ya Mshtarii yaking'aa, haki lazima itendeke: huko mbali kwenye infraredi vile vichujio vidogo vya Bayer huwa angavu vyote, na kamera ya rangi yenye kihisi cha Sony IMX462 hufanya kazi nzuri tu. Usinunue mono kwa ajili ya methani peke yake.

Kisha kuna faida ambayo binafsi ndiyo inayonigusa zaidi: data safi. Tarehe 3 Juni 2010 Anthony Wesley akiwa Australia na Christopher Go akiwa Ufilipino, wote wawili wakiwa wapenzi wa anga wasioajiriwa kwa kazi hiyo, walinasa mwako wa sekunde chache kwenye Mshtarii. Kitu kutoka anga za juu kilikuwa kimeungua ndani ya angahewa yake. Mmoja alikuwa akipiga kupitia kichujio chekundu, mwingine kupitia cha bluu, na wanasayansi wakapata tukio lilelile katika rangi mbili zilizotenganishwa, kutoka nchi mbili tofauti. Kumbuka kwamba Go hupigia picha zake Cebu, kama digrii 10 kaskazini ya ikweta. Nitarudi kwenye jambo la ikweta.

Sasa hesabu. Chukua ukubwa wa pikseli kwa mikromita, uzidishe mara 5. Jibu ndilo uwiano wa fokasi unaokufaa, ile namba inayoandikwa f/10 au f/15. Pikseli ya mikromita 2.9 inataka f/14.5, ya 2.4 inataka f/12, ya 2.0 inataka f/10. Sababu yake ni kwamba undani mdogo kabisa ambao darubini inaweza kuutoa lazima utandae juu ya pikseli mbili na zaidi, la sivyo unapotea katikati yao. Hewa ikiwa chafu zidisha mara 3 au 4 tu. Hakuna undani wa kutandaza usiku wa namna hiyo, na picha itanufaika kwa kuwa na mwanga zaidi.

Tuchukue darubini moja halisi, Celestron C8: kipenyo milimita 203, urefu wa fokasi milimita 2,032, yaani f/10. Kamera yenye kihisi cha IMX678, kama ASI678MM ya ZWO, ina pikseli za mikromita 2.0, kwa hiyo inaingia nyuma ya darubini hii moja kwa moja bila lenzi ya Barlow, ile inayorefusha fokasi ya darubini. IMX178, iliyomo kwenye ASI178MM na kwenye Neptune-M ya Player One, ina pikseli za 2.4, inataka kukuza kidogo tu, na kwa usiku wa kawaida hata f/10 hiyohiyo inatosha. IMX290, ile ya ASI290MM iliyopendwa kwa miaka mingi, na IMX585 ya Uranus-M, zote zina pikseli za 2.9 na zinakaa vizuri na Barlow ya mara 1.5. Ukija kwenye IMX174, pikseli zake ni 5.86, na C8 itabidi ifikishwe karibu f/30 kwa Barlow ya mara 3. Inawezekana, lakini kila kioo unachoongeza ni kioo kingine cha kupangwa sawasawa.

Wengi huogopa pikseli ndogo wakidhani zinakusanya mwanga kidogo. Zingekuwa na kasoro hiyo kama zote zingewekwa kwenye f/10. Ukifuata kanuni ya mara 5, pikseli ndogo hukaa kwenye uwiano mdogo wa fokasi ambako mwanga umekolea zaidi, na pikseli kubwa hukaa kwenye uwiano mkubwa ambako mwanga umetandazwa. Kila pikseli hupata mwanga uleule. Kwa hiyo chagua pikseli kwa kutazama ni Barlow ngapi ungependa kuzikwepa, si kwa hofu ya giza.

Kwa mwenye darubini ya Dobson ya milimita 200 yenye fokasi ya milimita 1,200, yaani f/6, pikseli ya mikromita 2.0 pamoja na Barlow ya mara 2 humfikisha f/12, na hapo yuko salama. Pikseli ya 5.86 isimshughulishe kabisa.

Barlow nayo ina tabia ambayo matangazo hayaielezi. Namba iliyoandikwa juu yake ni ya umbali fulani kati ya lenzi na kihisi. Ukiweka gurudumu la vichujio katikati, umbali unaongezeka, na Barlow ya mara 2 inaweza kukupa mara 2.5. Usikisie, pima kwenye picha yenyewe. Hesabu upana wa Mshtarii kwa pikseli, uzidishe kwa ukubwa wa pikseli na kwa 206, ugawanye kwa upana wa sayari usiku huo kwa sekunde za tao. Sayari ikitokea na pikseli 229 kwenye kamera ya mikromita 2.9 na upana wake ni sekunde 45, unapata fokasi ya milimita 3,040 hivi. Gawanya kwa 203 na unajua uko f/15, penye kanuni hasa. Upana halisi wa kila siku unaupata kwenye programu ya bure ya Stellarium.

IMX174 nisiiache kwa ubaya. Ni kihisi kinachosoma pikseli zote kwa wakati mmoja, kina kasi ya fremu zaidi ya 160 kwa sekunde kikiwa wazi chote, na watu wa Jua wamekipenda sana. Ila kwenye mwanga mwembamba wa haidrojeni-alfa huwa kinatoa michirizi ya mviringo ya Newton, ambayo huondolewa kwa kifaa kidogo cha kuinamisha kamera. Ukiwa unaitaka kwa ajili ya Jua, weka bei ya kifaa hicho kwenye hesabu tangu mwanzo. Na hapa si mahali pa kuzunguka: Jua halitazamwi wala kupigwa picha bila kichujio maalumu cha Jua kilichofungwa mbele ya darubini, au darubini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Jicho likiungua, halirudi.

Fedha zigawanye mapema, maana vichujio ni nusu ya kamera ya mono. Seti ya nyekundu, kijani na bluu ya inchi 1.25 inatosha kwa vihisi hivi vyote vidogo; usilipie za inchi 2. Nunua zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera, zinazozuia infraredi. Vile vioo vya rangi vinavyokuja kwenye sanduku la lenzi za macho visikushawishi: vingi hupitisha infraredi kwa wingi, jicho halioni ila kihisi kinaona, na kile unachodhani ni bluu huwa kimechanganyika na mwanga mwingine kabisa. Rangi za Mshtarii hazitakaa sawa hata ukihangaika nazo wiki nzima kwenye kompyuta. Baada ya seti hiyo, kichujio cha nne kiwe cha infraredi kinachoanzia nanomita 685. Hicho ndicho kinachookoa usiku wa hewa mbaya, na ndicho kinachokuwezesha kupiga Mirihi na Mwezi wakati wenzako wamefunga vifaa.

Gurudumu la vichujio la kuzungusha kwa mkono linafaa na ni nafuu. La umeme ni bora pale tu unapokuwa na stendi inayotikisika ukiigusa, kwa sababu kila kuzungusha kwa mkono kunakugharimu sekunde kadhaa za kusubiri mtikisiko uishe, na umeshaona Mshtarii haikusubiri.

Kompyuta nayo isisahauliwe. Kamera ikiwekwa kusoma kipande cha kihisi cha pikseli 640 kwa 480 tu, kinachoitosha sayari yoyote, kila fremu ina takribani kilobaiti 307. Kwa fremu 200 kwa sekunde hizo ni megabaiti 61 kila sekunde. Sekunde 90 za kichujio kimoja ni gigabaiti 5.5, na rangi tatu ni zaidi ya 16. Tundu la zamani la USB 2 halifiki huko. Utaona kasi ikigota na fremu zikidondoka. Unahitaji USB 3 na diski ya SSD yenye nafasi. Kama kompyuta mpakato yako haina, anza nayo kabla ya kamera, maana kamera nzuri kwenye tundu bovu ni fedha iliyolala.

Hiyo kasi ya fremu 200 yenyewe usiipokee kama ahadi. Fremu 200 zinawezekana tu kama kila moja inachukua milisekunde 5, na hilo ni kwa Mshtarii kwenye kichujio chekundu au kijani. Zohali hupokea chini ya theluthi moja ya mwanga wa Jua unaoifikia Mshtarii, kwa hiyo milisekunde 15 hadi 30 ni kawaida, na kamera ya fremu 300 kwa sekunde haikusaidii chochote hapo. Ukiona tangazo linalojisifu kwa kasi, uliza: kwa mwanga upi?

Kuna kitu kimoja ambacho usilipie kabisa: mfumo wa kupoza kihisi. Unawafaa wanaopiga nebula kwa dakika nyingi kwa fremu moja. Kwa milisekunde 5, joto la Dar es Salaam halina muda wa kuharibu picha.

Sasa turudi kwenye ikweta, maana nayo inatusaidia. Sayari hazitoki mbali na njia ya Jua, ambayo huenda hadi digrii 23.4 kaskazini au kusini. Ukiwa Nairobi, sayari inayofuata njia hiyo inapofika juu kabisa haiwi chini ya digrii 65 hivi kutoka upeo wa macho, mwaka wowote. London, sayari ileile ikiwa upande wa kusini kabisa, huishia digrii 15 au 16 tu, ikichungulia juu ya mapaa kupitia hewa nzito. Damian Peach, Mwingereza ambaye picha zake za sayari ni kati ya bora duniani, amekuwa akisafiri hadi Barbados kuitafuta anga kama hii tuliyo nayo. Mpigapicha wa Ulaya karibu analazimika kununua kifaa cha kurekebisha mtawanyiko wa rangi unaoletwa na angahewa. Wewe wa Mwanza, Mombasa au Kampala unaweza kukiacha na fedha hiyo ukaiweka kwenye kichujio cha infraredi. Subiri tu sayari ipande juu; usipige ikiwa ndiyo kwanza inachomoza.

Usiku wa kwanza nenda taratibu. Acha darubini nje saa nzima ipoe. Fungua programu ya kunasia picha, FireCapture au SharpCap, weka kipande cha 640 kwa 480, anza na kichujio chekundu kwa sababu ndicho kilichotulia kuliko vyote, na uweke fokasi kwa kutazama ukingo wa sayari au kivuli cha mwezi wake kama kipo. Piga sekunde 60, badilisha kijani, sekunde 60, bluu, sekunde 60. Bluu itahitaji milisekunde zaidi na itayumba zaidi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Gusa fokasi tena kila unapobadilisha, hata kama muuzaji amesema vichujio vyote vina fokasi moja. Kabla ya yote hayo hakikisha saa ya kompyuta iko sahihi na kanda ya saa ni ya Afrika Mashariki, kwa sababu WinJUPOS hufanya hesabu zake kwa saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na kosa la dakika moja tu linasogeza mawingu. Fremu bora zichaguliwe na kulundikwa na AutoStakkert, ambayo haina malipo. Chukua asilimia 20 hivi ya zilizo bora, uache nyingine.

Kamera ikifika, iwe mpya au ya mkononi, ikague siku hiyohiyo kabla muda wa kuirudisha haujapita. Ifunge kwenye darubini, elekeza kwenye anga nyeupe ya jioni baada ya Jua kuzama, upige fremu chache zenye kihisi kizima. Utaona maduara ya kijivu. Hilo ni vumbi. Badilisha kichujio uone. Duara likitoweka, vumbi lilikuwa kwenye kichujio. Likibaki palepale kwa kila kichujio, liko kwenye kioo cha kamera, na linaondolewa kwa pampu ya mpira ya kupulizia hewa, kamera ikiwa imeelekezwa chini. Likikataa kutoka baada ya kupuliza, huenda liko ndani ya kioo. Mtumie muuzaji picha hizo hizo, na usiifungue kamera mwenyewe.